Spika ya Tatu ni Sebule Yenyewe

Weka wimbo unaoujua vizuri, wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka noti baada ya noti, kisha tembea polepole kutoka kwenye kochi hadi mlangoni. Kuna mahali besi itakujaa kifuani. Hatua mbili mbele itafifia, na ukifika kwenye kona itarudi kwa kishindo. Wimbo ni ule ule, amplifaya haijaguswa, spika hazijasogezwa. Kilichobadilika ni mahali uliposimama. Zoezi hili la dakika tatu ndilo ninalompa kila anayeniuliza anunue spika gani, kwa sababu akishalifanya, swali lake huwa limebadilika.

Sebule ni ngumu kwa muziki kuliko studio kwa sababu ni ya wote. Kuna anayetazama runinga, anayesoma, mtoto anayecheza sakafuni, na mtu anayepita kwenda chumbani. Huwezi kusimamisha spika katikati ya njia, wala kubandika sponji ukutani kila mahali, wala kupandisha sauti wenzako wakiwa wamelala. Tena wanaosikiliza ni watatu au wanne, kila mmoja na kiti chake. Ushauri mwingi wa mambo ya sauti umeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye chumba chake na kiti chake kimoja. Ukielewa sauti inavyoenda ndani ya chumba cha wote, utajua ni kipi unaweza kukiacha bila hasara na kipi inafaa ukipiganie.

Mawimbi marefu kuliko chumba

Hewa ikiwa na joto la nyuzi 20, sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Gawanya mwendo huo kwa idadi ya mitetemo kwa sekunde, yaani hezi, utapata urefu wa wimbi. Sauti ya hezi 10,000, kama mng'ao wa matoazi, ina wimbi la sentimita 3.4. Sauti ya hezi 1,000 ina wimbi la sentimita 34. Noti nzito ya besi ya hezi 50 ina wimbi linalokaribia mita 7. Ndani ya wimbo mmoja, basi, kuna mawimbi unayoweza kuyapima kwa vidole na mengine ambayo hayaenei ndani ya sebule yako.

Mkanganyiko mwingi huanzia hapa, kwa sababu makundi hayo mawili hayana tabia moja. Mawimbi mafupi huenda kama mwanga: yanatoka kwenye spika, yanakufikia, mengine yanagonga ukuta na kudunda. Unaweza kuyafuata kwa macho ya akili. Mawimbi marefu hayafuatiki hivyo. Yanakijaza chumba kama maji yanavyojaza beseni, na chumba ndicho kinachoamua yatapanda wapi na yatashuka wapi. Mwanafizikia Mjerumani Manfred Schroeder alitoa hesabu ya mahali tabia moja inapoiachia nyingine. Kwa sebule ya mita 5 kwa 4, yenye dari la mita 2.7 na vitu vya kawaida ndani, mpaka huo huangukia karibu na hezi 200. Juu ya hapo, ubora wa spika una uzito mkubwa katika jambo hili. Chini ya hapo, spika ya bei kubwa na ya bei ndogo zote ziko chini ya amri ya kuta.

Ndiyo maana ninasema sebule ni spika ya tatu. Ukikaa mita tatu kutoka kwenye spika zako, sehemu kubwa ya nguvu ya sauti inayofika masikioni mwako imekwisha kugusa ukuta, sakafu, dari au kabati kabla ya kukufikia.

Besi: mahali pa kuanzia

Kati ya kuta mbili zinazotazamana, wimbi ambalo nusu yake inalingana na nafasi iliyopo hurudi na kukutana na lile linalokuja, na yote mawili hushikana. Linakuwa wimbi lililosimama. Kwa ukuta ulio mita 5 kutoka kwa mwenzake, hilo hutokea kwenye hezi 34. Kwa mita 4, hezi 43. Kati ya sakafu na dari la mita 2.7, hezi 64. Kisha hurudia kwenye mara mbili ya namba hizo, mara tatu, na kuendelea. Noti inayoangukia hapo huvuma na kukawia kuzimika, huku noti ya jirani yake ikipita kimya kimya. Gitaa la besi linaonekana kama mpigaji anashindwa kupima nguvu ya vidole vyake, ilhali chumba ndicho kinachomharibia.

Jambo la kushika ni hili: wimbi lililosimama lina shinikizo kubwa kabisa ukutani, na lile la kwanza lina shinikizo dogo kabisa katikati ya chumba. Mtu aliyeegemeza kochi kwenye ukuta wa nyuma amekaa mahali ambapo noti zote hizo zinavuma pamoja. Aliyekaa katikati kabisa ya chumba amekaa kwenye shimo. Wote wawili watalalamikia spika. Vyumba vya mraba, au ambavyo urefu wake ni mara mbili kamili ya upana, vina tabu zaidi kwa sababu mawimbi ya pande mbili huangukia namba zile zile na kuongezana.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kusogezwa ni kochi, hata kabla ya spika. Litoe ukutani sentimita 30 au 40. Inaonekana ni kidogo mno kuleta tofauti, lakini kichwa cha msikilizaji kikitoka ukutani, mvumo hupungua, na sauti kali zilizokuwa zikidunda sentimita chache nyuma ya masikio hupata nafasi ya kuchelewa kidogo. Nimeona watu wakikataa kuamini kwamba hakuna kingine kilichoguswa. Kama sebule ni nyembamba na kochi haliwezi kutoka, mto mnene au pazia zito nyuma ya vichwa litasaidia sauti kali. Besi itabaki ilivyo, na hapo itabidi kuishughulikia upande wa spika.

Spika nayo ina uhusiano wake na kuta, na uhusiano huo una pande mbili ambazo watu huzichanganya. Upande wa kwanza ni wa kuongeza. Besi hutoka kwenye spika kuelekea kila upande, hata nyuma. Ukiisogeza spika karibu na ukuta, ile besi iliyokuwa ikienda nyuma inarudishwa mbele. Kila uso mpana ulio karibu unaweza kuongeza hadi desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) kwenye noti nzito. Sakafu tayari ni uso mmoja. Ukuta wa nyuma ni wa pili. Ukiiweka konani umepata wa tatu. Spika ndogo isiyo na besi inaweza kunufaika na ukuta wa nyuma. Spika kubwa iliyosukumwa konani ili isizibe njia itavuma mpaka maneno ya mwimbaji yazame.

Upande wa pili ni wa kufuta. Sauti iliyorudi kutoka ukutani imechelewa, na kuna noti moja ambayo huchelewa kwa nusu ya wimbi kamili, ikakutana na ile iliyo mbele na kuifuta. Kwa spika ambayo uso wake uko mita 1 kutoka ukutani, noti hiyo iko karibu na hezi 86, katikati kabisa ya uzito wa ngoma na gitaa la besi. Kwa nusu mita ni hezi 171. Kwa sentimita 30 ni hezi 286. Unaona sasa kwa nini mtu anayevuta spika mbele mita moja, kama anavyoshauriwa mara nyingi, huweza kuishia na muziki uliokonda. Katika sebule ndogo mimi huona ni afadhali mojawapo ya mambo mawili: ama spika iwe karibu kabisa na ukuta wa nyuma, na besi ya ziada ipunguzwe kwa amplifaya, ama itoke mbele ya kutosha kwelikweli. Kinachofaa kuepukwa ni umbali mmoja kurudiwa mara tatu: sentimita 60 kutoka nyuma, 60 kutoka pembeni, na 60 kutoka sakafuni hadi kwenye koni ya besi, yaani ile sahani inayotetemeka ndani ya spika. Hapo mashimo matatu yanachimbwa mahali pamoja.

Watoto na wapitaji je? Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni utepe wa gundi sakafuni. Spika inakuwa na makazi mawili. Moja ni la kila siku, karibu na ukuta, mahali isipomkwaza mtu. Lingine ni la kusikiliza, limepimwa kwa masikio na kuwekewa alama ndogo kwenye pembe mbili za spika. Jioni ya muziki spika zinavutwa hadi kwenye alama, na muziki ukiisha zinarudi. Inachukua nusu dakika, na inamaliza mabishano ambayo yangeweza kudumu miaka.

Kuhusu sabufa, yaani spika ya besi peke yake, usiiamulie mahali kwa kutazama. Iweke juu ya kochi, pale hasa unapokaa wewe, piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha zunguka chumbani ukiwa umepiga magoti, masikio yakiwa karibu na sakafu. Pale utakaposikia noti zote zikiwa na uzito unaolingana, bila hata moja kuruka juu, ndipo sabufa iwekwe. Chumba hakijali nani ni msikilizaji na nani ni spika. Ukibadilisha nafasi zao, matokeo ni yale yale. Zoezi hili linaleta faida kuliko kuongeza ukubwa wa sabufa. Na kama kuna uwezo wa kuwa na sabufa mbili, mbili ndogo zilizowekwa katikati ya kuta mbili zinazotazamana hufanya kitu ambacho moja kubwa haiwezi: mawimbi yao hupunguziana makali, na besi inafanana zaidi kutoka kiti hadi kiti. Todd Welti wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, ni mmoja wa waliolipima jambo hili kwa kina. Kwa sebule yenye wasikilizaji wengi, hiyo ndiyo faida hasa inayotafutwa.

Stereo kwa watu watatu

Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya rekodi ya EMI huko London, aliwasilisha ombi la hataza ya mfumo wake wa sauti mbili, yaani stereo, Desemba 1931. Wazo bado ni lile lile. Spika mbili zikitoa sauti ileile kwa wakati mmoja na kwa nguvu sawa, ubongo hausikii spika mbili. Unasikia mwimbaji mmoja amesimama katikati, mahali ambapo hakuna spika yoyote. Ukiongeza nguvu kidogo kushoto, mwimbaji anasogea kushoto.

Ili hilo litokee vizuri, spika mbili na msikilizaji wanapaswa kufanya pembetatu yenye pande sawa, au karibu na hapo, na zile koni ndogo za sauti kali, yaani twita, ziwe kwenye kimo cha masikio ya aliyeketi. Spika iliyolazwa sakafuni inampigia muziki msikilizaji magotini. Iliyo juu ya kabati inampitia kichwani. Kimo kinasahauliwa sana, nacho hurekebishwa kwa meza ndogo au kwa kuiinua spika kidogo upande wa mbele ili itazame juu.

Tatizo linakuja pale watu wanapokuwa zaidi ya mmoja. Chukua spika zilizo mita 2.4 kutoka moja hadi nyingine, na kochi lililo mita 2.4 kutoka kwa kila moja. Aliyekaa katikati hana shida. Sasa sogea sentimita 60 kulia, yaani kiti kimoja. Spika ya kulia iko mita 2.16 kutoka kwako, ya kushoto mita 2.75. Tofauti ya sentimita 59 ni kuchelewa kwa milisekunde 1.7. Inaonekana si kitu, lakini sikio huhitaji chini ya milisekunde 1 kuamua sauti imetoka upande upi, na ikishapita hapo hufuata iliyotangulia kufika. Kwako wewe uliyesogea, mwimbaji ameondoka katikati ya jukwaa na kuingia ndani ya spika ya kulia. Mkeo, mumeo au rafiki yako aliyekaa upande wa pili anamsikia ndani ya spika ya kushoto.

Kuna ujanja mmoja ambao ningetamani ujulikane zaidi. Watu wengi huelekeza spika moja kwa moja mbele, au huzigeuza kidogo zitazame kiti cha katikati. Zigeuze zaidi ya hapo, mpaka mistari miwili inayotoka kwenye twita ikutane mbele ya kochi, kama nusu mita kabla ya magoti ya wasikilizaji. Aliyekaa kulia sasa yuko karibu na spika ya kulia, lakini spika hiyo haimtazami. Inatazama upande mwingine, na anapata ubavu wake ambao sauti kali zake ni dhaifu. Spika ya kushoto iko mbali naye, lakini inamtazama usoni. Iliyo mbali imechelewa ila ina nguvu zaidi, iliyo karibu imewahi ila imefifia. Mambo hayo mawili huvutana, na mwimbaji hurudi kuelekea katikati. Hamtapata wote ule usahihi wa kiti cha katikati, hilo haliwezekani kwa spika mbili, lakini kochi zima linakuwa na jukwaa. Kiti cha katikati kinapoteza kidogo, viti vya pembeni vinapata kingi. Kwa chumba cha wote ninaona ni biashara ya haki.

Kabla ya kuhukumu lolote kati ya haya, hakikisha nyaya za spika zimeunganishwa sawa, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Spika moja ikigeuzwa, koni yake inaingia ndani wakati ya mwenzake inatoka nje. Besi inafutika na mwimbaji anakosa mahali pa kusimama. Unamsikia kila mahali, na hayuko popote. Dalili hiyo huwachanganya watu hata wakadhani spika zimekufa. Piga sauti ya mtu mmoja anayeongea, badilisha nyaya za spika moja tu, na usikilize: mpangilio sahihi ni ule wenye sauti nzito zaidi na iliyotulia katikati. Ama unene wa waya, shaba ya milimita mraba 1.5 kwa umbali wa mita 5 hupoteza chini ya desibeli 0.2 kwenye spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Pesa ya waya wa kifahari ina kazi bora kwingine.

Zulia, vitabu na pazia

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilimpa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambao ulikuwa haufai kwa maongezi. Neno moja la mhadhiri lilikuwa likining'inia hewani kwa zaidi ya sekunde 5 na kuyafunika yanayofuata. Sabine alifanya kazi usiku, wakati mji umetulia, akibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine na kuipanga ndani, kisha akipima sauti ya filimbi ya kinanda inachukua muda gani kufa. Kwenye mito hiyo ndipo ilipotoka kanuni inayotumika hadi leo: muda wa mwangwi, kwa sekunde, ni 0.161 mara ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, ugawanywe kwa eneo la vitu vinavyomeza sauti, kwa mita za mraba.

Ninaipenda historia hiyo kwa sababu vifaa vya Sabine vilikuwa mito. Sebule imejaa vifaa vya aina hiyo. Kochi la kitambaa humeza sauti. Kochi la ngozi humeza pungufu ya hapo, hasa kwa sauti kali. Rafu ya vitabu vya ukubwa tofauti hutawanya sauti zinazogonga na kuzivunja makali. Pazia zito lenye mikunjo mingi, lililoning'inizwa mbali kidogo na kioo cha dirisha, ni kifaa cha kweli cha akustika ambacho hakuna mtu nyumbani atakayekilalamikia. Sebule inayokaliwa na watu huwa na mwangwi wa karibu nusu sekunde au chini yake, na huo unafaa kabisa kwa muziki. Chumba maalumu kilicho kitupu huanza kikiwa nyuma ya sebule.

Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio kama wa waya unaotetemeka baada ya kofi, kuna kuta mbili tupu zinazorushiana sauti, na kitu chochote chenye mikunjo au mabonde kwenye mmojawapo kitaumaliza. Kisha kaa kwenye kochi, mtu akupitishie kioo cha kujitazamia kwenye ukuta wa pembeni. Pale unapoiona spika ndani ya kioo, hapo ndipo sauti yake inapogonga kabla ya kukufikia. Kama kuna cha kutundika, kitundikwe hapo, si kwingine. Na zulia liwe sakafuni kati ya spika na kochi. Meza ya kioo iliyo katikati ni ukuta uliolazwa.

Lakini kuna mtego hapa. Kitu chenye vinyweleo humeza vizuri zaidi pale hewa inapokwenda kwa kasi, na ukutani hewa haiendi. Kasi inafika kilele chake robo ya wimbi kutoka ukutani. Kwa hezi 1,000 hiyo ni sentimita 8.5. Kwa hezi 50 ni mita 1.7. Ndiyo sababu zulia jembamba na sponji ya sentimita mbili haziigusi besi hata kidogo; zinanyonya mng'ao peke yake. Mtu anayepambana na mvumo kwa kuongeza mazulia anaishia na chumba chenye sauti iliyofunikwa blanketi, na mvumo ungalipo, tena unasikika zaidi kwa kuwa kilichokuwa kikiufunika kimeondolewa. Trei za mayai hazifai kwa lolote kati ya haya.

Kusikiliza kwa sauti ndogo

Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, waliokuwa Bell Labs, maabara ya utafiti wa simu ya Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio halisikii noti zote kwa usawa, na kwamba tofauti hukua sauti inapopunguzwa. Ukishusha sauti, besi hutoweka masikioni haraka kuliko maneno. Amplifaya haijakosea, ndivyo tulivyoumbwa. Kile kitufe cha kuongeza besi kwa sauti ndogo kilichokuwa kwenye amplifaya nyingi za zamani kiliwekwa kwa ajili ya jambo hili, na kukitumia usiku si kuharibu muziki. Ni kuurudishia ulichokuwa nacho mchana.

Njia nyingine ni kusogea. Viti viwili vikivutwa karibu na spika, kila mtu anapata sauti ya moja kwa moja zaidi na ya chumba kidogo, na kitufe cha sauti kinashuka bila muziki kupoteza uhai. Ninaiamini njia hii kuliko kifaa chochote kwa watu wanaoishi na wengine.

Aliyelala chumba cha pili hasumbuliwi na maneno ya wimbo. Anasumbuliwa na besi. Kwa makadirio ya wahandisi, uwezo wa ukuta kuzuia sauti huongezeka desibeli 6 kila mitetemo inapozidi mara mbili, na huongezeka kiasi hicho hicho uzito wa ukuta unapozidi mara mbili. Kutoka hezi 50 hadi 800 kuna kuzidisha mara mbili mara nne, yaani desibeli 24. Ukuta unaomeza sauti ya mwimbaji kabisa unaweza kuiachia besi ipite kama mlango ulio wazi. Mapazia na mazulia hayabadilishi hilo. Kinachosaidia ni kuipunguza sabufa kwanza kabla ya kupunguza muziki mzima, kuihamisha kutoka kwenye ukuta wa chumba cha kulala, na kuiweka juu ya kitu laini kama sakafu ni ya mbao inayobeba mtetemo.

Hapa pia niseme neno kuhusu wati. Amplifaya ya wati 100 haina sauti mara mbili ya ile ya wati 50. Nguvu ikizidi mara mbili unapata desibeli 3, tofauti ambayo mtu anaitambua bila kushtuka. Ili sauti ionekane imekuwa mara mbili unahitaji karibu desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Katika sebule, kwa sauti ambayo watu wengine wanaweza kuvumilia, spika nyingi hutumia wati chache tu.

Kupima na kurekebisha

Kuna programu ya bure ya kompyuta iitwayo Room EQ Wizard, iliyotengenezwa na John Mulcahy, ambayo kwa maikrofoni ya kupimia ya bei ya wastani inakuchorea chumba chako noti kwa noti. Mara ya kwanza mtu akiuona mchoro wa sebule yake hushtuka: vilele na mashimo yanaweza kutofautiana kwa desibeli 20. Usikate tamaa. Huo ndio mchoro wa kawaida wa chumba cha kawaida.

Ukiwa na ikwalaiza, yaani kifaa cha kupunguza au kuongeza noti moja moja, punguza vilele na uyaache mashimo. Kilele ni nguvu iliyozidi, na ukiipunguza amplifaya inapumzika. Shimo linatokana na sauti mbili zinazofutana; ukiongeza noti hiyo, unaongeza zote mbili, na kufutana kunaendelea. Kuinua desibeli 6 kunadai nguvu mara nne, na unachopata ni koni iliyochoka na shimo lililobaki vile vile. Shimo hutibiwa kwa kusogeza kitu. Tena usipime kiti chako tu. Pima viti vyote vitatu, na urekebishe kile kilele kinachoonekana kwenye vyote. Ukikirekebisha kilele cha kiti kimoja, unaweza kumchimbia shimo jirani yako.

Rudia basi ule mwendo wa kutoka kochini hadi mlangoni baada ya kusogeza kochi, kuzigeuza spika na kuihamisha sabufa. Kasoro inayobadilika unapotembea bado ni ya chumba, na hakuna spika mpya itakayoiondoa. Kasoro inayokufuata kila kona, kama ukali ule ule kwenye sauti ya mwimbaji iwe umekaa, umesimama, au uko mlangoni, hiyo ni ya spika. Hapo una sababu nzuri ya kwenda kuzisikiliza nyingine, na uende na wimbo ule ule uliotembea nao.